Barua kutoka Mykonos

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na jamaa wote hapo Mji Mkongwe. Mimi sijambo, ila ngozi imebabuka kwa jua la huku visiwani Ugiriki.

Jana nilivuka kwenda kisiwa cha Delos, mwendo wa nusu saa hivi kwa boti kutoka bandari kongwe ya Mykonos. Upepo wa kaskazini wauitao meltemi ulikuwa umetulia kidogo, kwani ukishika kasi boti hazitoki kabisa. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita za mraba 4, hakina wakazi isipokuwa walinzi na wanaakiolojia, wala mgeni haruhusiwi kulala. Wagiriki wa kale waliamini kwamba mungu wao Apollo alizaliwa hapo. Kwa ajili hiyo, mwaka 426 KK Waathene walifukua makaburi yote, wakahamishia mifupa Rheneia, kisiwa cha jirani, kisha wakapiga marufuku mtu yeyote kuzaliwa au kufa Delos. Mja mzito aliyekaribia kujifungua alivushwa ng'ambo, na mgonjwa mahututi vilevile.

Wenzangu walikimbilia simba wa marumaru, ambao ni nakala tu, maana wenyewe wamo ndani ya makumbusho. Mimi nilikawia kwenye birika kubwa lililo chini ya ukumbi wa kale wa michezo ya kuigiza, ambamo maji ya mvua yaliteremka kutoka kwenye viti vya mawe na kuhifadhiwa. Matao yake bado yamesimama, na mijusi huota jua juu yake bila kumjali mtu.

Lililonikaa rohoni, hata hivyo, ni jingine. Warumi walipoifanya Delos bandari huru, mnamo mwaka 166 KK, iligeuka soko kubwa la watumwa. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa zama hizo za kale, aliandika kwamba iliweza kupokea na kusafirisha watumwa 10,000 kwa siku moja, hata ukazuka msemo: "Mfanyabiashara, tia nanga, shusha shehena, vyote vimeshauzwa." Nilimuuliza kiongozi wetu soko hilo lilikuwa wapi. Akanionyesha kwa kidole uwanja mpana wenye magofu ya nguzo, akasema wapo wataalamu waliodhani ni pale na wapo wanaokataa, kisha akarejea kwa Apollo wake. Wewe unayewasimamisha wageni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa la Zanzibar, na kuwaeleza yaliyopita pale utanielewa nikisema kwamba jibu lile halikunitosha. Watu wa kale waliona kifo kinanajisi kisiwa, lakini kuuza watu hakukukinajisi!

Nijulishe kama Wagiriki wanaofika kwako huwa wanaitaja Delos wanaposikia habari za Mkunazini. Kesho kutwa napanda meli ya Piraeus, bandari ya Athens, kwa hiyo jibu lako ulipeleke kwenye anwani yangu ya Athens. Nisalimie mama na watoto.

Wako akupendaye.