Uwanja wa nyuma si mahali pa kuficha mchezaji dhaifu

Mhariri,

Tangu vijana wa Lugazi walipokwenda Marekani mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Mashindano ya Dunia ya Little League (besiboli ya watoto), besiboli imezidi kujulikana hapa Uganda. Yapo, hata hivyo, mazoea yanayotuumiza: mtoto asiyejua kudaka hupelekwa uwanja wa nyuma, mbali na besi, ili asiharibu mchezo. Makocha wenzangu, mtazameni Tris Speaker, mlinzi wa uwanja wa nyuma wa Marekani.

Speaker alizaliwa Hubbard, Texas, mwaka 1888. Utotoni alianguka kutoka kwenye farasi akavunjika mkono wa kulia, akajifunza kurusha kwa kushoto. Alianza na timu ya Boston mwaka 1907. Baada ya mvutano wa mshahara akauzwa kwa timu ya Cleveland mwaka 1916, na msimu huohuo akaongoza ligi kwa wastani wa kupiga wa .386. Mipigo yake 792 ya kufika besi ya pili (kituo cha pili kati ya vinne anavyozunguka mkimbiaji) haijafikiwa na yeyote. Lakini rekodi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya ulinzi: mara 449 mrusho wake kutoka nyuma ulisaidia kumtoa mpinzani.

Aliyaweza hayo kwa kusimama karibu mno na besi ya pili. Enzi zile mpira mmoja ulitumika muda mrefu, ukajaa mate na tope, ukawa laini na mweusi, usipae mbali. Mipigo mingi ilidondokea nyuma tu ya walinzi wa besi, na ndipo alipokuwa akingoja. Aprili 1918 alifanya jambo hili mara mbili: alidaka mpira mbioni, akapitiliza hadi besi ya pili na kuikanyaga kabla mkimbiaji hajarudi. Wawili nje, mpigaji na mkimbiaji, bila msaada wa mtu.

Msimwige kabla ya wakati. Mwaka 1920 Ray Chapman, mwenzake wa Cleveland, alifariki baada ya mpira kumpiga kichwani. Tangu hapo waamuzi wakawa wepesi kuondoa mipira michafu, na mipya huruka mbali zaidi. Tena Speaker alijua kurudi nyuma kuufuata mpira. Alipokuwa chipukizi Boston, mrushaji Cy Young alimpigia mipira ya juu mazoezini hadi akaweza kukadiria mapema itaangukia wapi.

Kwa hiyo anzeni na hatua ya kwanza ya mlinzi. Mpira ukielekea juu ya bega la kulia, mguu wa kulia urudi nyuma, nyonga zigeuke, kisha akimbie kweli. Akirudi kinyumenyume, kichwa kinatikisika, macho yanapoteza mpira, naye anajikwaa. Asiyekuwa na hakika asikimbilie mbele: mpira uliodondoka mbele yake atauokota, uliompita humpa mpinzani besi tatu.

Katika kurusha, vidole viwili vikatize mshono, dole gumba liwe chini. Vikilala sambamba na mshono mpira hupinda njiani. Alenge kifua cha mpokezi wa kati, yaani mwenzake anayesimama katikati ili aupokee mpira na kuurusha mbele. Mrusho mrefu wa juu kuelekea besi ya nyumbani humwachia mkimbiaji wa nyuma besi ya bure.

Kila zoezi mpigieni mlinzi mipira ishirini, kumi kati yake ipite juu ya kichwa. Akiidaka, msogezeni mbele hatua tatu. Mpira ukianza kumpita, arudi hatua tatu, na hapo ndipo mahali pake kwa msimu huu.

Kocha wa besiboli,
Mpigi