Mgonjwa wa kansa msimfungie ndani, mwacheni ajongee

Sisi tunafanyisha mazoezi wagonjwa wa kansa hapa Dar, na meseji tunazopata sana kwenye wasap ni za watoto wanaouliza kuhusu mama zao. Mama ana kansa ya titi, kaanza kemo, zile dawa kali za kansa, tumempumzisha hata ufagio hagusi, akimaliza dozi zote tumlete aanze mazoezi? Jibu letu ni hilohilo kila siku, msisubiri amalize. Tunajua mnafanya kwa mapenzi, na mtaani mgonjwa akionekana anatembeatembea majirani wanaanza kusema ndugu zake hawamjali, ila mtu akilala wiki nzima nzima misuli inapungua, pumzi inakata akipanda ngazi mbili, usiku usingizi hauji, mawazo yanazidi, na ule uchovu mliokuwa mnautibu kwa kulala ndo kwanza unaongezeka. Uchovu wa kansa sio wa kazi, unaamka nao asubuhi vilevile.

Wataalamu wa tiba ya michezo wa Marekani na wenzao wa nchi nyingine walitoa mwongozo mwaka 2019, wakasema mazoezi ya kuhemesha nusu saa mara 3 kwa wiki, na ya kujenga nguvu za misuli mara 2, yanapunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa watu wenye kansa. Hiyo nusu saa sisi huwa tunaikata vipande, dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, siku mbaya hata tano zinatosha, ukitoka kitandani ukazunguka uani ukarudi nayo tunaihesabu.

Sasa kuna hili la mkono. Mama akitolewa tezi za kwapani mkono unaweza kuvimba, na wengi wameambiwa basi usibebe kitu tena maisha yako yote. Utafiti uliotoka Marekani 2009 uliwapa kinamama wenye mkono uliovimba mazoezi ya kunyanyua vyuma taratibu, na uvimbe haukuongezeka kuliko kwa wale ambao hawakunyanyua. Neno ni taratibu. Hatumpi mtu ndoo ya lita 20 siku ya kwanza, tunaanza na chupa ya maji ya nusu lita, tunaangalia mkono, ukivimba au ukiwa mzito tunasimama.

Halafu katikati ya 2025 yakatoka matokeo makubwa kuhusu kansa ya utumbo mpana. Wagonjwa 889, wengi wa Kanada na Australia, walioshapasuliwa na kumaliza kemo, nusu wakapewa vijitabu vya afya tu, nusu wakapewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8 waliokuwa hai upande wa mazoezi ni kama 90 katika 100, upande wa pili 83. Ila someni vizuri jamani, walipasuliwa kwanza, wakamaliza kemo kwanza, yaani mazoezi hayachukui nafasi ya tiba. Ukija kwetu ili usiende hospitali ya kansa ya Ocean Road tutakugeuza mlangoni, na hatutanii.

Kwa ambao hawaumwi, kutembea na kutoa jasho kunapunguza uwezekano wa kansa ya utumbo mpana, titi, mji wa mimba, figo, kibofu na nyingine kadhaa, sababu mojawapo ni kwamba homoni za insulini na estrojeni zinashuka. Dakika 150 kwa wiki ndo kiwango cha chini. Mchuuzi wa Kariakoo anazimaliza kabla ya Jumatano, tatizo ni sisi wa kukaa ofisini Posta halafu foleni masaa mawili. Na tusidanganyane, kansa ya mlango wa kizazi inayoongoza kwa kinamama wa Tanzania inatokana na kirusi, hapo dawa ni chanjo kwa mabinti na kwenda kupimwa, sio jimu.

Ukija siku ya kwanza hakuna zoezi. Tunaongea, tunasoma karatasi za hospitali, tunakuangalia unavyosimama na kukaa kwenye kiti na unavyotembea dakika 6. Kama kansa imefika kwenye mifupa tunataka kauli ya daktari wako kwanza, maana mfupa dhaifu unavunjika kirahisi. Ukiwa na homa, damu iko chini sana, au unatokwa na michubuko ovyo, usije, nenda hospitali. Miguu ikiwa na ganzi sababu ya kemo sema mapema, tutakufanyisha ukiwa umekaa, mtu asije akaanguka bure.

Vipindi ni saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali, hasa kwa waliochomwa mionzi, ngozi yao haitaki jua. Ndugu mmoja aje naye ajifunze, maana siku nyingine zote yeye ndo mwalimu. Wasioweza kutoka tunawafuata nyumbani, Sinza, Mwenge, Kijitonyama mpaka Ubungo, bei unaambiwa kabla. Na kama dripu ilikuwa jana na leo hajiwezi, piga simu tu tuhamishe siku, hatukati hela.