Mkifufua Mto Mathare, anzeni na vivuko vya wanafunzi

Mhariri,

Kila mjadala wa kufufua mito ya Nairobi unapoanza, picha tunazoonyeshwa ni zile zile: njia za matembezi, taa za sola, nyasi na viti vya kupumzikia. Hatuna ubaya nazo. Bustani ya Michuki pale Globe imethibitisha kwamba ukingo uliogeuzwa jaa unaweza kurudi kuwa mahali pa watu. Lakini bonde la Mathare lina shida yake. Huku mto unapita katikati ya makazi, na kinachoamua kama mtaa utafurika na kama mtoto atafika shuleni ni kivuko, lile daraja dogo la miguu ambalo hakuna ofisi inayodai kuwa lake.

Kwa asiyelijua bonde lenyewe, liko kati ya Barabara ya Juja na Barabara ya Thika, na linapitiwa na Mto Mathare na mwenzake Gitathuru. Palikuwa machimbo ya mawe, ndiyo maana sehemu nyingi ukichimba kidogo tu unagonga mwamba. Upande wa Barabara ya Thika iko Hospitali ya Mathari, iliyoanza 1910 kama kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ng'ambo ya Barabara ya Juja iko kambi ya Jeshi la Wanahewa. Katikati ndiko Kosovo, Mabatini, Mashimoni, Kiamutisya, 4A na vijiji vingine, mpaka Huruma. Shule za serikali, kama Kiboro, ni za kuhesabu. Watoto wengi wanasoma katika shule za kijamii za mabati, hizi zinazoitwa APBET, ambazo zilijengwa palipobaki nafasi, mara nyingi bondeni kabisa. Basi mtoto analala upande huu na kusoma upande ule.

Tazama sasa kivuko kinavyoundwa. Milingoti miwili ya stima iliyochakaa hulazwa kutoka ukingo hadi ukingo, kisha mbao au vipande vya milango hupigiliwa juu. Kwa kuwa mlingoti hubonyea katikati, fundi husimamisha nguzo mtoni: pipa lililojazwa mawe na simiti. Pipa hilo ndilo mwanzo wa balaa. Mvua ikinyesha sehemu za juu za jiji, hata kama Mathare ni kukavu, maji hushuka na magunia, nepi za kutupwa, chupa za plastiki na matawi. Gunia la kwanza hujizungushia pipa, nepi hunasa kwenye gunia, na mipira ya kupitishia maji ya wauza maji iliyofungwa chini ya mbao huzuia yaliyosalia. Haichukui muda, kivuko kimekuwa ukuta. Maji hupanda, hutafuta njia pembeni na kukwangua udongo ulioshikilia ncha za milingoti. Mwishowe kivuko huachia, na shehena yote ya maji na taka huteremka kwa mpigo mmoja hadi kivuko kinachofuata. Kumbukeni kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne, kwa hiyo kivuko cha tatu au cha nne hakina lake.

Hapo ndipo tunatofautiana na wapima ardhi wanaokuja na rangi nyekundu kutia alama majengo ya kubomolewa. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitenga ukingo usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Sawa. Lakini alama ya matope iliyoko kwenye ukuta wa darasa huenda ni kazi ya kivuko kilichoziba mita chache chini yake, wala si kimo cha mto wenyewe. Ondoeni nguzo zilizo mtoni kwanza, pimeni baadaye. Tunaamini zipo shule ambazo zingebaki salama nje ya mstari kwa kazi hiyo pekee.

Hatusemi kila kitu kibaki kilipo. Jengo la Huruma lililoporomoka tarehe 29 Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 50 lilikuwa karibu na mto, na anayepangisha vyumba juu ya maji hana utetezi. Ila baada ya mafuriko ya usiku wa kuamkia 24 Aprili 2024, tingatinga zilipoletwa, mazungumzo yote yalikuwa ya nyumba na zile shilingi 10,000 zilizoahidiwa kwa kila familia. Muhula wa pili uliokuwa uanze 29 Aprili ulisogezwa hadi 13 Mei. Shule zikafunguliwa, lakini nani aliuliza mtoto atavukia wapi?

Daraja linalofaa bonde hili halihitaji ufundi wa ajabu. Livuke kwa mruko mmoja, bila nguzo yoyote ndani ya maji, kwa mihimili miwili ya chuma iliyokaa juu ya vitako vya zege vilivyoshikwa kwenye mwamba. Sakafu iwe angalau mita 1 juu ya alama ya mafuriko ya 2024, maana gogo linaloelea linahitaji nafasi ya kupita. Upana wa mita 1.8 unatosha watu wawili wenye mitungi ya maji kupishana, na pia machela. Katikati ya kila mlango pawekwe kigingi cha chuma kinachoacha kama sentimita 85 kila upande: kiti cha magurudumu kitapita, na mwenye bodaboda itambidi apunguze mwendo. (Atakayedai kigingi kitazuia bodaboda kabisa hajawahi kuishi Nairobi.) Kingo za daraja ziwe na kimo cha mita 1.1, na nafasi kati ya fito zisizidi sentimita 10, kwa sababu mtoto wa chekechea hupenya penye nafasi kubwa zaidi. Fito zichomelewe. Zikifungwa kwa nati zitauzwa kwa mwenye mizani ya vyuma kuukuu kabla ya mwezi kwisha.

Na msiwafukuze wauza maji. Mipira yao itavuka mto mpende msipende, basi wekeni vishikio vya chuma ubavuni, upande ambao mto unaelekea, juu ya usawa wa sakafu. Ikining'inia chini, hurudisha ule ule wavu wa kunasa taka.

Gabioni, vile visanduku vya wavu wa waya vinavyojazwa mawe kushikilia ukingo, ni habari nyingine, na hapa pesa nyingi huzama. Kisanduku cha mita 2 kwa 1 kwa 1 kinataka zaidi ya tani 3 za mawe magumu, kila jiwe likiwa la sentimita 10 hadi 20 ili lisipenye kwenye matundu ya wavu. Kinachoharibu ni mambo mawili. Mkandarasi hujaza vipande laini vya mawe ya kujengea, ambavyo humomonyoka na kuacha kisanduku nusu tupu. Tena hukiweka juu ya tope, maji yakachimba chini yake, na ukuta mzima ukainamia mtoni. Tope liondolewe mpaka kwenye mwamba. Pasipo mwamba wa karibu, utandazwe mkeka wa gabioni nyembamba kuelekea mtoni, kama mita 2, nao utazama wenyewe kufuata shimo litakalochimbwa na maji. Nyuma ya visanduku kiwekwe kitambaa cha kuchuja, la sivyo udongo wa nyumba za watu utavuja kupitia katikati ya mawe.

Mabomba makubwa ya majitaka nayo yamelazwa kandokando ya mito kwa sababu ya mteremko. Mifuniko ya chuma ikiibwa, taka huingia, bomba huziba, na kinyesi humwagika pale pale watoto wanapovukia. Mifuniko ya zege haina soko.

Jinsi ya kuchagua vivuko vya kuanza navyo: chifu na walimu wakuu waweke mtu mwenye daftari kwenye kila kivuko, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, siku mbili za shule, ahesabu wanafunzi kwa sare zao. Sare itaonyesha shule, na shule itaonyesha mtoto angezunguka umbali gani kama kivuko kingeondolewa. Karatasi hiyo iandamane na ramani ya ubomoaji kabla ya tingatinga kuwashwa.

Msimu wa kazi ni Julai hadi Septemba, mto ukiwa chini. Zege hukomaa kwa siku 28, na likizo ya Agosti ni fupi kuliko hapo. Kwa hiyo vitako vimwagwe mapema Julai pembeni mwa kivuko cha zamani, watoto wakiendelea kukitumia, halafu mihimili inyanyuliwe likizoni. Daraja jipya likishafunguliwa, milingoti na lile pipa ving'olewe wiki hiyo hiyo. Vikiachwa mtoni hadi mvua za Oktoba vitaendelea kuziba maji chini ya daraja jipya.

Wazazi na mafundi,
Mathare, Nairobi