Wito wa Harambee: Tuwanunulie Wavuvi Wetu Majarife (Nyavu)

Assalaam alaykum, na salamu kwa ndugu zetu wa dini zote.

Sisi Kamati ya Msikiti, pamoja na kikundi cha wavuvi wa mtaa wetu hapa Kigamboni, tunawaandikia kwa haya, kwa kuwa si zamani mlituchangia paa la madrasa nasi tukaahidi kutobisha hodi tena mapema. Lakini maji ya bamvua yaliyopita yalituletea mafuta mazito ya meli. Chanzo chake kinachunguzwa na wenye mamlaka, nasi hatumnyooshei mtu kidole.

Anayetaka kuielewa hasara yetu na aje aguse jarife moja tu. Tulimkuta mzee wetu mmoja, aliyelinunua lake kwa mkopo, akilisugua kwa sabuni ya unga na mchanga tangu alfajiri hadi adhuhuri, viganja vimechubuka, na weusi uko palepale. Mafuta ya namna hiyo yakishaingia katika nyuzi hayatoki, na wavu wenye harufu huwachafua samaki hata ukitegwa kwenye maji safi. Majarife 31 yameharibika hivyo, achilia mbali madema, yaani mitego ya samaki, ya upande wa mikoko. Kina mama wanaochokoa pweza maji yakipwa nao wamekaa nyumbani.

Kinachotuuma zaidi ni mnadani Feri, ambako mnunuzi akisikia samaki ametoka kwetu humnusa, kisha humrudisha mezani, ingawa alivuliwa mbali ambako mafuta hayakufika.

Mwaka 2020, meli ya MV Wakashio ilipokwama Mauritius na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta, wananchi walishona mifuko mirefu ya kitambaa wakaijaza majani makavu ya miwa ili kuyazuia mafuta hayo. Vijana wetu walikuwa na ndoo na majembe tu; mchanga waliuzoa, ila ile mizizi ambayo mikoko huipumulia hawakuweza kuisafisha.

Tumeambiwa tusubiri fidia, nasi tunasubiri. Hata hivyo madai ya aina hiyo hutaka risiti na daftari la mauzo, na mvuvi wa mtumbwi hesabu zake zimo kichwani.

Tunaomba shilingi 9,300,000, yaani 300,000 kwa kila jarife. Kila mchango utapewa stakabadhi, na mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa msikiti.

Wapo kati yenu waliohamia Tegeta na Mbezi ambao ada zao za shule zililipwa kwa samaki wa ufukwe huu; hatuwataji, wanajijua. Na wavuvi hawa ndio ambao kila Ramadhani huleta samaki wa futari msikitini bila kuombwa.

Harambee itafanyika Ijumaa hii baada ya swala, uani kwa msikiti. Asiye na fedha lakini ana jarife lililokaa stoo, hata kama limetoboka, alilete; mafundi wa kushona nyavu tunao, na kwa sasa hawana kazi.