Barua kutoka Ujiji

Mwanangu Zuhura,

Salamu sana. Sisi hatujambo, hofu ni kwako tu na mitihani. Nakuandikia nimekaa mlangoni mwa Hiace, miguu mchangani, ziwa mbele yangu. Baba yako bado amelala. Unakumbuka alivyong'oa viti vya nyuma akaweka godoro na jiko la gesi, shangazi zako wakasema kachanganyikiwa? Ndiyo nyumba yetu, leo siku ya nne. Kutoka Tabora tulilala Kaliua, tukapata pancha kabla ya Malagarasi, Uvinza tukanunua chumvi.

Jana tulikwenda kwenye mnara wa Livingstone. Mwembe ambao Stanley alimkuta chini yake mwaka 1871 ulishakufa. Iliyopo sasa wenyeji wanasema ni watoto wake. Shuleni tulikaririshwa kwamba pale walikutana Wazungu wawili, basi. Lakini aliyetangulia kumpokea Stanley ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Ndiye aliyechomoka katika umati akamsalimia, kisha akakimbia kumwambia bwana wake kuna mgeni. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu, wakapita hapo kwetu Tabora, wakafika nao Bagamoyo Februari 1874. Mwanangu, hebu fikiria safari ile. Nataka majina yao uyajue kama unavyolijua la Livingstone.

Nilimkumbuka marehemu babu. Alikuwa akinisimulia kwamba baba yake alikuwa mpagazi, kijana wa Kinyamwezi, akibeba pembe za ndovu hadi pwani. Kutoka hapa hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, na sisi tulikuwa tunalalamikia pancha moja! Yeye walau alilipwa. Kuna waliovushwa ziwa hili kutoka Kongo wakiwa watumwa, wakaswagwa njia hiyohiyo. Nilisimama kwenye kivuli cha miembe nikashindwa kuongea. Baba yako akanishika mkono, tukarudi polepole bila neno.

Kigoma mjini tulipita kuitazama stesheni ya Wajerumani. Nzuri, lakini moyo wangu uko Ujiji.

Usiku mwenyekiti wa mtaa alituruhusu kuegesha karibu na mwalo. Mwezi haukuwepo, na kukiwa na giza ndipo dagaa wanapovuliwa. Mitumbwi ilitoka na taa zake, ziwa likajaa nuru mpaka upeo wa macho, ungedhani kuna mji mwingine huko majini. Nilikutafuta pembeni yangu nikuonyeshe. Likizo ya Desemba usiniambie una shughuli. Godoro linatutosha wawili, baba yako atalala kiti cha mbele.

Dagaa nimekununulia kilo mbili, wakavu, hawana mchanga. Nitawapeleka stendi kesho asubuhi pamoja na chupa ya mawese ya bibi yako. Ukiwapokea nipigie.

Mama yako