Ruzuku ya huduma za setilaiti imfuate mtumiaji, si umri wa kampuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu masharti yanayowekewa kampuni changa zinazoomba fedha za serikali ili kuunda huduma za kibiashara zinazotegemea setilaiti. Nimo katika kikundi cha vijana hapa Mombasa kinachotayarisha huduma ya aina hiyo kwa wavuvi, ya kuwaonyesha mahali penye samaki, na ombi letu lilikataliwa na mfuko mmoja wa umma. Kwa hivyo msomaji ajue mapema kwamba jambo hili lanigusa.

Tuliambiwa hatukustahiki kwa sababu hatukuwa na hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa wala dhamana ya benki. Hayo nayaelewa, kwani fedha za umma zina wenyewe na mkaguzi atakuja kuuliza. Kilichonishangaza ni fomu yenyewe, ambayo ilitenga ukurasa mzima kwa ajili ya mitambo itakayonunuliwa na kumilikiwa na mwombaji, lakini haikuwa na hata mstari mmoja wa kueleza ni nani ataitumia huduma hiyo na kama yuko tayari kuilipia. Aliyeiandika alidhani, nafikiri, kwamba biashara ya setilaiti ni biashara ya kununua vyombo.

Sivyo ilivyo. Marekani ilifungua picha za Landsat kwa watu wote bila malipo mwaka 2008, na Umoja wa Ulaya hutoa bure data za setilaiti zake za Sentinel, zikiwemo za Sentinel-3 inayopima joto la uso wa bahari na rangi ya maji. Wenye malori wanaopakia mizigo bandarini Kilindini kwenda Kampala wanalijua jambo hili vizuri kuliko wataalamu wengi, maana mfumo wa kikanda wa kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki, unaotumiwa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) tangu mwaka 2017, hutegemea GPS, na hakuna mwenye lori aliyewahi kuulizwa kama anamiliki setilaiti. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliporushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 nilifurahi kama Wakenya wengine, na nadhani ilikuwa hatua ya maana, lakini kuwa na setilaiti angani ni jambo moja na kuwa na huduma ambayo mvuvi wa Shimoni au Kipini hapa Pwani ataitolea pesa yake ni jambo jingine.

Gharama iko hapa chini, si angani. Pale maji baridi yanapokutana na yale ya moto, vijimea vya baharini hustawi, dagaa hukusanyika, na jodari huwafuata. Ramani ya setilaiti huweza kuuonyesha mpaka huo. Lakini nahodha hana haja na ramani ya rangi rangi. Anauliza ashike mwelekeo upi akishatoka mlangoni, mashine itakunywa lita ngapi kwenda na kurudi, na kama upepo wa alasiri utamruhusu kurudi na samaki wakiwa hawajaharibika. Ili kumjibu kwa ujumbe mfupi wa simu, pawe na mtu wa kuisoma data kila siku, mtu wa kukaa ufukweni na kuandika kilichovuliwa na mahali kilipovuliwa, na mashua zitakazokubali kujaribu hata siku ambazo ushauri hautafaa. Isitoshe, mawingu ya masika huziba joto na rangi ya maji yasionekane kutoka juu, na huduma ya kweli lazima iwe na ujasiri wa kumwambia nahodha kwamba leo hatuoni kitu. Kazi zote hizo, katika fomu niliyoijaza, zilihesabiwa kuwa matumizi ya kawaida yasiyostahili ruzuku.

Liko pia suala la siri. Hakuna nahodha wa Pwani atakayekubali mwamba wake wa kuvulia chewa uanikwe mbele ya watu, na ana haki, kwa sababu huo ndio urithi wake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ningetarajia mfadhili wa serikali aulize kwanza mwombaji atazilindaje taarifa za mahali mashua ilipokwenda, kabla ya kuuliza habari za mitambo.

Shirika la Anga za Juu la Ulaya (ESA) lina mpango wa kufadhili matumizi ya kibiashara ya setilaiti, na masharti yake yanafaa kutazamwa, ingawa Kenya si mwanachama na kampuni ya hapa haiwezi kuomba huko kwa jina lake yenyewe. Mwombaji huhitaji barua ya ridhaa kutoka kwa ujumbe wa nchi yake kwenye shirika hilo, kwa kuwa fedha hutokana na mchango wa nchi hiyo. Shirika hulipa sehemu tu ya gharama, kampuni ndogo ikibebwa zaidi kuliko kubwa, na kazi huenda kwa hatua: upembuzi yakinifu kwanza, kisha mradi wa majaribio unaowahusisha watumiaji wenyewe. Anayeshindwa kuonyesha soko katika hatua ya kwanza huishia hapo, na hasara huwa ndogo.

Sioni kwa nini Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017 na lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, lisishirikiane na mifuko ya umma kuweka utaratibu wa namna hiyo. Ruzuku ya kwanza iwe ndogo na ya miezi michache, na badala ya hesabu za miaka mitatu, ambazo kampuni changa haiwezi kuwa nazo hata ikiwa na uaminifu wa malaika, itakiwe barua ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, au ya mwenye shehena anayesema kwamba ataijaribu huduma na kwa masharti gani. Mashua na petroli zinazotolewa na wavuvi kwa majaribio zihesabiwe kuwa sehemu ya mchango wa mwombaji. Na kwa kuwa Katiba imezikabidhi kaunti huduma za uvuvi, kaunti zetu zinazopakana na bahari zihusishwe mapema, maana majaribio yakifaulu huenda zikawa wateja wa kwanza wa huduma hiyo.

Masharti hayo yachapishwe pia kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi za BMU, na maombi yaweze kupokelewa Mombasa na afisa anayeweza kushuka hadi ufukweni kumuuliza nahodha kama kweli alitia sahihi barua ile.

Mkaazi wa Kisauni,
Mombasa