Kichwa cha habari kimemhukumu kijana wa watu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na gazeti lako nimelisoma miaka mingi. Naandika kwa uchungu kuhusu habari zenu za uhalifu.

Kwenye meza ya magazeti karibu na soko la Mgandini, asubuhi husimama watu hata ishirini, na wanaonunua hawafiki watatu. Waliobaki husoma kurasa za mbele zilizobanwa kwenye kamba, kisha huenda kazini. Wengine wameshasomewa vichwa hivyo redioni kabla ya chai. Lile neno "anadaiwa" mnaloliweka aya ya nne, ukurasa wa tatu, haliwafikii. Wao wameondoka na "JAMBAZI SUGU ANASWA", na picha.

Picha ile ilikuwa ya kijana wa jirani yangu, dereva wa bodaboda, kakalishwa chini, pekupeku. Sugu! Nani aliyemhesabia makosa? Siku ya tisa polisi walimwachia bila kumfikisha mahakamani, baada ya kujiridhisha kuwa hakuhusika. Hilo hamkuliandika hata mstari mmoja. Abiria wake walimkimbia, mwenye pikipiki akachukua pikipiki yake. Mwezi uliopita mama yake alinunua mihogo ya kukaanga, akafungiwa kwa gazeti. Tulikuwa tumekaa barazani alipoifungua, akakutana na uso wa mwanawe umelowa mafuta. Aliukunja ule ukurasa mara nne, akaufunga kwenye pindo la kanga. Mihogo hakuigusa.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza hata aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Huyu hakushtakiwa.

Na kuna haya maneno, "wananchi wenye hasira kali". Mtu kapigwa mawe, kavishwa tairi, kachomwa moto, na gazeti linasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali, basi, habari imekwisha. Hayo ni mauaji. Waliomuua wana sura na majina, marehemu naye alikuwa na jina, na pengine hakuiba hata sindano. Mkiandika hivyo kila mara, aliyerusha jiwe anajisoma kama mtu aliyetenda haki. "Wivu wa mapenzi" nao ni vivyo hivyo: mwanamke kauawa, na sababu imeshapatikana kabla ya upelelezi.

Najua waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, na taarifa ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa ndiyo iliyo karibu. Lakini kesi haiishii kwenye mkutano na waandishi. Ifuateni mahakamani mpaka hukumu. "Anadaiwa" lipande juu kwenye kichwa cha habari, picha zisubiri, na anayeachiwa aandikwe ukurasa uleule aliotuhumiwa, kwa herufi zilezile.

Majirani wananishauri nimpeleke mama huyu Baraza la Habari Tanzania, ambalo hupokea malalamiko ya watu walioumizwa na vyombo vya habari. Nimeona nianze kwako. Ule ukurasa anao bado, na tarehe yake inasomeka.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga